Ghati na Sungura Waliokula Mayai

Mimi na Ghati tuliolewa boma moja. Mimi, Teresia, niliolewa na Rubeni, kaka mkubwa. Yeye alikuja miaka kadhaa baadaye kwa Werema, mdogo wake. Watu walitegemea tugombane, na tuligombana kweli, ila si kwa yale waliyoyategemea. Hatukugombea shamba wala maziwa. Mimi nilichoshwa na maswali yake.

Ukimwambia Ghati mvua itanyesha, atataka kujua umejuaje. Ukimwambia maziwa yameharibika, atauliza uliyaweka kibuyu gani na kibuyu kilifukizwa kwa mti gani. Wiki yake ya kwanza bomani aliniuliza kwa nini tunafukizia mti ule na si mwingine. Nikamjibu kwamba mama mkwe alifanya hivyo. "Na yeye aliambiwa na nani?" Nikamwambia akamuulize mwenyewe kaburini. Alicheka, nami sikuwa nimefanya mzaha.

Waume zetu walikuwa na alama ya ukoo. Kwenye kope, upande wa pua, walikuwa na vibaka, mabaka madogo ya njano, laini, yaliyoinuka kidogo, rangi ya samli iliyoganda. Na nyuma ya mguu, kwenye ule mshipa mnene unaoshuka kisiginoni, walikuwa na uvimbe mgumu usiouma. Fundi aliyewakatia katambuga ilibidi aupitishe mkanda wa nyuma chini ya ule uvimbe, la sivyo ungewachubua. Baba yao alikuwa navyo vilevile. Kwa upande wetu watu waliviita baraka. Ilisemwa kwamba mtu wa namna hiyo ametoka kwenye boma la ng'ombe wengi, ameshiba samli mpaka imetokeza nje. Rubeni alipokuja kuposa, mama yangu alimtazama kope, akaniita jikoni akaniambia, "Huko hutalala njaa." Na kweli sikulala njaa.

Ila wanaume wa boma lile hawakuzeeka. Baba yao alianguka malishoni, akakutwa ng'ombe wamemzunguka. Rubeni wangu alianguka wakati wa Operesheni, tulipohamishwa kutoka kule tulikokaa kila mtu na kilima chake, tukaletwa Mbalibali kwenye mistari ya nyumba mpya. Alikuwa amebeba mlango wa nyumba yetu ya zamani begani. Aliutua chini, akashika kifua, akasema apumzike kidogo. Hakuinuka tena. Wako waliosema ni uchungu wa kuliacha kaburi la baba yake. Wako waliosema amerogwa. Mimi nilikubaliana na kila mtu, maana aliyefiwa hana nguvu za kubishana.

Ghati peke yake aliuliza. "Kwa nini wote wawili kifua? Na kwa nini wote wawili kabla hawajaota mvi?"

Nilimchukia siku ile. Nilimwambia atoke kwenye msiba wangu. Alitoka, akakaa nyuma ya nyumba akipika uji wa waombolezaji, na niliona kupitia mlangoni kwamba hamwangalii mtu mwingine ila Werema. Werema ndiye aliyebaki, mwenye kope za njano, na umri wa kaka yake ulikuwa unamkaribia.

Kijijini tulipewa miradi. Wanaume walipata shamba la pamba la pamoja, sisi wanawake tukapata kuku na sungura. Kuku walikuwa wa kisasa, weupe, wajinga, hawakujua hata kukimbia mwewe, lakini walitaga kama waliolipwa. Mayai yalitakiwa yapelekwe Mugumu kuuzwa. Gari lililotakiwa kuyapeleka lilikuja lilipojisikia, na masika ilipoharibu barabara halikujisikia kabisa. Mayai yakajaa ghalani.

Ndio mwaka ule wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Tulikusanywa barazani kwa ghala kusikiliza redio, kisha mwenyekiti wetu wa kijiji, Benedicto, akatusomea kitabu. Alisoma kwa sauti ya kanisani. Yai linajenga mwili. Mama mjamzito ale yai. Mama anayenyonyesha ale yai. Sisi tuliangalia vidole vya miguu. Kwetu siku hizo mwanamke hakula yai, hakula kuku, na mkia wa kondoo hakuugusa kabisa. Hivyo vilikuwa vya wanaume. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mwanamke akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Benedicto alipomaliza kusoma alitugawia mayai, tukayapokea kwa mikono miwili, tukashukuru, tukayafunga kwenye kanga na kwenda kuwapikia waume zetu. Benedicto mwenyewe alijua. Mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka.

Mimi sikuwa na mume wa kumpikia. Mwanangu Nashoni alikuwa shuleni Tarime. Kwa hiyo mayai yangu nilimpa Ghati, na Ghati aliyachanganya na yake. Mengi aliyala Werema, aliyeyapenda sana, akiyameza na samli juu. Yaliyobaki aliyachemsha, akayaponda, akayachanganya na pumba na kuwapa sungura.

"Unafanya nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Redio imesema ni chakula bora. Sungura hawajakatazwa."

"Akili yako hiyo si ya wajukuu wa Adamu."

"Sasa Mama Nashoni, tuyaache yaoze?"

Mabanda ya sungura yalikuwa mawili. Moja lilikuwa nyuma ya jiko lake, jingine nyuma ya langu. Wangu walikula majani na maganda ya viazi, kwa sababu mimi sikuwa tayari kumchemshia mnyama yai ambalo mtoto wangu hakulipata. Wake walikula majani na yai. Mwanzoni wake walinawiri kuliko wangu, manyoya yakang'aa, na alinirushia vijembe kila asubuhi. Nilivumilia.

Kisha mvua zikakatika, na asubuhi moja Ghati akaja kwangu amempakata sungura wa kijivu kama mtoto mchanga. Hakunisalimu. "Mwangalie macho."

Kuzunguka mboni kulikuwa na duara jeupe, zito, kama utando wa uji uliopoa. Tulikwenda kuwaangalia wengine wa banda lake. Karibu wote walikuwa nalo, wengine kidogo, wengine zaidi. Wangu hawakuwa nalo hata mmoja. Baadaye wake wakaanza kuzubaa, mmoja akafa, na Benedicto akasema huenda wamekula sumu, tuangalie nani ana chuki na mradi. Maneno ya namna hiyo kijijini ni hatari. Nyumba zetu zilikuwa mpya, majirani wageni kwa wageni, na kila mtu alikuwa na mtu wa kumshuku.

Ghati hakushuku mtu. Alichukua kisu. Alimchinja mmoja wa wale wenye macho meupe, mimi nikashika miguu. Ini lilikuwa limevimba, limepauka, linateleza mkononi. Kisha akaupasua moyo, na ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni akauchana kwa urefu kama unavyochana utumbo kuusafisha. Ndani yake palikuwa na mabaka yaliyoinuka. Mabaka ya njano.

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Umeiona wapi rangi hii?"

Nilijua nimeiona wapi. Nilikuwa nimelala karibu nayo miaka yote ya ndoa yangu, nikiipapasa kwa kidole Rubeni akiwa amefumba macho, nikifikiri ni baraka.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya. Ghati alibeba kikapu chenye sungura wawili, mmoja wa banda lake na mmoja wa banda langu, ambaye nilimtoa kwa shingo upande. Pale kituoni palikuwa na mganga msaidizi aitwaye Joram, kijana mrefu mwenye ndugu Sirari, aliyekuwa na hadubini ya kupimia malaria. Alipotuona na kikapu alidhani tumemletea zawadi.

"Hawa si wa kula, daktari," Ghati alisema. "Hawa ni wa kuangalia."

"Mama, nina watoto wenye homa mpaka pale mlangoni."

"Tutasubiri."

Tulisubiri mpaka mtoto wa mwisho akaondoka. Joram alikuwa amechoka, na alianza kutusikiliza kama mtu anayesubiri tumalize. Ghati alipofika kwenye mayai, akanyoosha mgongo. Alipofika kwenye mabaka ya njano, akaenda kufunga mlango.

"Rudia hapo kwenye mayai," alisema.

Aliwachinja wote wawili. Alikwangua kidogo ndani ya mshipa mkubwa wa yule wa mayai, akapaka kwenye kioo, akaweka tone la maji ya chumvi, akainama kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu akijisemea. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa sungura wangu. Mwisho akampisha Ghati, na Ghati alipotosheka, jambo lililochukua muda, na mimi nikaona.

Sungura wangu hakuwa na kitu cha ajabu, vijichembe tu vimetulia. Wa Ghati alikuwa na chembe zilizovimba, kubwa, zimejaa vitone vinavyong'aa, vingi mpaka chembe yenyewe ikaonekana kama povu la sabuni.

"Hizi," Joram alisema, "ni askari. Mwili una chembe ambazo kazi yake ni kuzunguka na kumeza uchafu. Kijidudu kikiingia, zinakimeza. Damu ikiganda mahali pasipotakiwa, zinameza. Sasa kwenye kiini cha yai kuna kitu kinaitwa kolesteroli. Hata mwili wenyewe unakitengeneza, unakihitaji. Lakini kikizidi kwenye damu, kinaingia kwenye kuta za mishipa, na hawa askari wanakifuata na kukimeza."

"Basi ni vizuri," nilisema.

"Ni vizuri mpaka kizidi. Kolesteroli ikikaa hivihivi ndani ya chembe inaiumiza. Kwa hiyo chembe inajitetea. Inachukua mafuta, au inayatengeneza yenyewe, inaifungia kolesteroli kwenye mafuta hayo, inaiweka akiba. Ndivyo hivi vitone. Ikija nyingine, inafunga nyingine. Haijui kusema basi."

Ghati alikuwa bado amekodolea ile hadubini kwa mbali. "Ni kama maziwa," alisema.

"Maziwa vipi?"

"Maziwa yakizidi yataharibika, na yakiharibika yatakuharibia na kibuyu. Kwa hiyo unasukasuka unapata samli. Samli inakaa. Ng'ombe wakitoa sana, unatengeneza samli sana. Sasa fikiria ng'ombe wanatoa kila siku na hakuna wa kula. Utajaza vibuyu, utajaza vyungu, utajaza nyumba, mpaka mtu hapati pa kupita."

Joram alimwangalia. "Hapo penye kupita ndipo penye shida," alisema. "Kwa sababu nyumba yenyewe ni mshipa wa moyo."

Nje mtu alikuwa anafagia. Mimi nilikuwa nafikiria mlango uliotuliwa njiani, na Rubeni akisema apumzike kidogo. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyejua. Lakini hasira haisubiri upate mtu wa kumkasirikia.

Ghati akauliza lile alilokuja nalo. "Mume wangu ana rangi hii kwenye kope. Na kisiginoni ana uvimbe. Baba yake alikuwa navyo, na kaka yake. Ni hiki hiki?"

Joram hakukimbilia kujibu, na hilo nilimheshimu kwalo. Alisema sungura si mtu. Sungura hakuumbwa kula yai, kwake kolesteroli ni kitu kigeni kabisa, ndiyo maana anajaa upesi. Watu wengi wanakula mayai na damu yao inajua namna ya kuyapunguza. Lakini wako watu wachache, alisema, waliorithi damu isiyojua kupunguza. Hao hujaa hata wakila kidogo, na wakila samli na nyama za mafuta hujaa haraka zaidi. Hao ndio wanaotoka vibaka kwenye kope na uvimbe kwenye visigino. "Na vile vibaka ndani yake," alisema, "ni askari hawa hawa."

Jumapili iliyofuata Joram alifika Mbalibali kwa baiskeli. "Shikamoo, mzee," alimwambia Werema, ambaye hakuwa mzee bado lakini aliipokea. Akamgusa kope, akamminya kisigino, akamuuliza habari za baba yake na za kaka yake. Akamwambia kuna kipimo cha damu Mwanza.

"Niende Mwanza kupimwa mafuta?" Werema alisema. "Watu wanakwenda Mwanza wanakufa. Mimi nimeshiba."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee."

"Dawa iko?"

"Dawa ya kukuambia unywe kesho upone, sina. Punguza samli, ubongo, mafuta ya nyama, mayai. Ule maharage, mboga za majani, dagaa. Sikuahidi kitu. Nakuambia tu ninachokijua."

Werema aliagana naye kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alikaa kwenye kigoda akasema, "Mama Robi, leteni mayai yangu." Robi ni binti yao wa kwanza. Ghati hakuleta mayai. Alileta ugali wa mtama na mboga ya mgagani iliyochemshwa kwa maziwa yaliyoondolewa samli.

Nilisikia ugomvi ule kwangu, na kwangu hapakuwa karibu. Werema alisema mke anayemnyima mume samli anatangaza kwa watu kwamba boma limefilisika. Alisema analishwa majani kama sungura. Ghati alisema angetamani awe sungura, maana sungura wa majani wako wazima. Kisha Werema akasema neno ambalo lilimkaa Ghati rohoni kuliko matusi. Alisema, "Wewe unajuaje kama ni mayai? Wewe hujawahi hata kuyaonja."

Ghati alikuja kwangu kesho yake. "Ana haki," aliniambia.

"Ana haki ya nini?"

"Sijui kama ni chakula au ni damu ya ukoo. Joram amesema ni vyote viwili, lakini yeye amesoma kitabuni. Nataka nijue." Alikuwa na yai mkononi, limechemshwa tayari. "Nitakula anachokula. Kama macho yangu yatakuwa kama ya sungura, ni chakula. Kama hayatakuwa, basi ni yeye."

"Na ukizaa mtoto asiye na nywele?"

"Nitamvika kofia."

Hakulila kwangu kwa siri. Alisubiri siku ya redio. Tulipokaa wote barazani kwa ghala, Benedicto akiwa ameshika kitabu, Ghati alilimenya lile yai taratibu, akalitia chumvi, akalila. Benedicto alipoteza mstari aliokuwa anasoma. Mwanamke mmoja aliondoka na mtoto wake mgongoni. Mimi nilibaki, ila nilisogea kidogo, maana sikujua mambo hayo yanaambukiza vipi. Ghati alitafuna mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Lina ladha ya kutokuwa na ladha. Endelea, mwenyekiti."

Alikula mayai na samli msimu mzima. Alipika chungu kimoja, wakala nusu kwa nusu yeye na Werema, na kila alichoongeza Werema kwa siri, kwa sababu Werema aliongeza, alikitafuta na kukila naye. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo cha Robi, kisha anakuja kwangu nimtazame na mimi, eti kioo kidogo. Macho yake yalibaki meusi na meupe kama alivyozaliwa nayo. Kope zake zilibaki laini. Aliongezeka tu nyonga, na nilimwambia, na hakupenda. Werema vibaka vyake vilizidi upana.

Alipomweleza Joram, Joram alitikisa kichwa. "Mtu mmoja si ushahidi, mama."

"Najua. Lakini sina Werema wa pili wa kumjaribia."

Kuanzia hapo Ghati hakuwa na shaka, na mtu asiye na shaka ni mzito kupingana naye. Nyumbani Werema alikubali majani, kwanza kwa kununa, baadaye kwa mazoea. Mayai waliyala Ghati na mabinti, na polepole wanawake wengine, wa kwanza akiwa yule aliyekimbia na mtoto. Mimi nilianza mwisho. Nilihakikisha kwanza watoto wao wanazaliwa na nywele.

Lakini nyumbani si mahali pote. Werema alikuwa mwanamume mwenye heshima, na heshima kwetu inapakuliwa. Kukiwa na posa, kukiwa na jando, kukiwa na msiba uliokwisha, ni kondoo, na mkia wa kondoo, ule mzigo mzima wa mafuta, anapewa mwanamume mkubwa wa ukoo aliyepo. Tangu Rubeni alipokufa mwanamume huyo alikuwa Werema. Kuukataa ni kuwaambia watu una ugomvi nao, au una ugonjwa unaouficha. Kwa hiyo Ghati alimlisha majani wiki nzima, na Jumamosi moja ikayafuta yote. Alijua. Alimnusa mikono akirudi.

Miaka ikaenda hivyo, ikafika ile ya shida ya sabuni na sukari, na Werema akafikia umri wa Rubeni. Alikuwa anarudi kutoka posa ya jamaa zetu huko Kerende, anashuka kwenye lori la pamba, akakaa chini kando ya njia akishika kifua. Walimleta nyumbani wakimshika mabega. Maumivu yakapita. Alilala mpaka kesho yake, na alipoamka mimi na Ghati tulikuwa tumekaa pale pale. Nilikuwa nimekwisha kulia mara moja kwa ajili ya kifua cha namna hiyo na sikuwa tayari kurudia.

"Baba Robi," Ghati alisema, "mimi nilikula yai mbele ya kijiji kizima. Nilijua watanisema, na walinisema. Nililila kwa ajili ya hivyo vibaka vyako. Wewe utashindwa kukataa mkia wa kondoo?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Ghati akilia, na ilikuwa vibaya, maana hakujua namna. Alilia kama mtu anayekohoa.

Robi aliolewa mwaka ule ule. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika, wageni walijaa, wazee walikaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Mwanangu Nashoni alikuwa amekuja kutoka Tarime, mwalimu sasa, amevaa suruali ya kitambaa kizuri. Nilipompokea nilimshika uso niutazame kwenye mwanga, kama mama anavyofanya, na kwenye kope yake ya kushoto, upande wa pua, niliona kidoa kidogo. Hakikuwa kikubwa kuliko punje ya mtama. Rangi yake niliijua. Sikumwambia.

Kondoo alipoiva, mkia ulikuja kwenye sahani yake, unameremeta, na kijana aliyeuleta akaupeleka kwa mikono miwili mpaka mbele ya Werema. Watu waliendelea kuongea, kwa sababu hakukuwa na la kutazama. Werema aliupokea. Akaushika hapo mapajani muda kidogo. Kisha akainua kichwa akaita, "Mama Robi. Njoo hapa."

Ghati alitoka jikoni akijifuta mikono. Werema akamkabidhi sahani.

"Kula wewe," alisema. Sasa watu walikuwa wamenyamaza. "Mkia huu ulimuua baba yangu, ukamuua na kaka yangu, na mimi umeshanionja. Mama Robi hauwezi kumfanya kitu, tumeshamjaribu. Mimi nileteeni mgagani."

Mzee mmoja alisema kwa Kikurya jambo ambalo sitaliandika. Mwingine akacheka, halafu akaacha. Ghati alikaa chini pale pale, miguuni kwa mume wake, kati ya wanaume, akakata kipande akala. Kilichobaki, kwa desturi, humwendea mwanamume anayefuata kwa umri katika ukoo. Kijana akaichukua sahani akampelekea Nashoni.

Nashoni aliitazama. Sijui kama alikuwa amejiona kwenye kioo. Nadhani alikuwa amejiona. Aliinuka na sahani yake, akapita mbele ya wazee wote na suruali yake ile nzuri, akaja mpaka mlangoni kwa jiko niliposimama na wanawake wenzangu.

"Mama," aliniambia, "kula na wewe."

Niliula. Niliutafuna wote, mbele ya watu, machozi yakinishuka mpaka mdomoni, na hakuna aliyenizuia.

Masika iliyofuata Ghati alikuja mbio kwangu asubuhi, hata hakusalimu, akanivuta mkono mpaka kwake. Werema alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameudhika kwa kuamshwa. Ghati akamwinamisha kichwa, akanionyesha mahali juu ya sikio. Palikuwa na nywele chache nyeupe. Nilizigusa. Nilikaa pale nikizigusa mpaka Werema akauliza kama nitamaliza lini.